Mshenga wa Troyeville Mjini Valencia

Ndugu zangu wa darasa la Jumamosi, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza Valencia kulikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu kwa methali. Mnanifahamu vya kutosha kujua kwamba mtu wa aina yangu hukimbilia methali anapokuwa na jambo la kuficha. Sasa dada yangu Foibe ameanza kuwasimulia wateja wake safari ambayo hakusafiri, tena kwa kuiga mwendo wangu na namna ninavyosafisha koo kabla ya kusema. Ni heri niiandike mwenyewe kabla haijavuka mtaa wa jirani wa Bertrams na kugeuka vichekesho. Habari za viza na tiketi naziacha. Hazijawahi kumfunza mtu chochote isipokuwa subira, na hiyo, kama mtakavyoona, sikurudi nayo.

Troyeville: natumwa

Foibe alikuja Johannesburg na mumewe, Mungu amrehemu, mmoja wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini walioishi kwetu Morogoro hadi nchi yao ilipofunguka. Mimi nilimfuata baadaye kutafuta kazi ya ualimu, na nimefundisha fasihi na maadili huko Midrand kwa muda mrefu kiasi cha kuanza kuwachosha watoto wa wale niliowachosha mwanzoni. Dada ni fundi cherehani. Mwanawe wa pekee, Themba, anaelewa Kiswahili chote anachoambiwa na hukijibu kwa Kiingereza, isipokuwa anapotaka kitu. Mimi huniita malume, kama wanavyowaita wajomba hapa.

Kampuni yake ya kusafirisha mizigo ilimhamishia bandari ya Valencia, mji wa pwani ya Uhispania, na huko akampata mwanamke anayeitwa Lucía. Jumapili moja alipiga simu, dada akaiweka mezani katikati ya sahani ili sote tusikie.

"Mama, tumekubaliana. Tunaoana Desemba, huku kwao."

"Nani amekubaliana na nani?"

"Mimi na Lucía, Mama."

"Ninyi najua mmekubaliana, ndiyo kazi yenu. Wazazi wake wamejibu nini?"

"Eish, Mama, hawajaulizwa. Huku watu hawaulizwi."

"Basi sijasikia habari ya harusi," alisema dada. "Mtoto wa watu hachukuliwi kama kikombe cha ofisini, mwenyewe haonekani, unajichukulia."

Kisha Themba akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko chochote nilichowahi kumsikia nacho: "Mama, bila wewe sioi."

"Na mimi bila neno la wazazi wake siji."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kila mmoja alikuwa ameapa, na katika ukoo wetu kiapo hakitenguliwi. Hukaa sebuleni kama kabati zito lisiloweza kupita mlangoni. Dada akageuka akanitazama. Mama wa bwana harusi hajipelekei posa. Panahitajika mshenga.

Nakiri sikushangaa. Nani mwingine katika mtaa wetu wote wa Troyeville angeweza kusimama mbele ya wageni wa mataifa akaeleza, kwa mpangilio, maana ya kuomba na maana ya kupewa? Nilianza kutunga hotuba kabla sijamaliza chai. Dada alinikunjia kanga mpya kwa ajili ya bibi wa nyumba ile, akanipa na wosia.

"Zaka, usiwafundishe. Nenda, uliza, nyamaza, rudi na neno lao. Neno lao, Zaka. La kwako tunalo hapa nyumbani, tena limejaa."

Angani, na Addis Ababa

Jirani yangu kwenye ndege alikuwa Mama Béa, msusi wa mtaa wa Yeoville, Johannesburg, aliyezaliwa Lubumbashi, akienda Madrid kumwona dada yake. Nilikuwa nikiirudia hotuba yangu kwa sauti ya chini alipogeuka.

"Papa, unaomba? Ndege ingali chini."

Nilimweleza, kwa ufupi wa aya kama nne, kwamba mimi ni mshenga na ninapeleka posa.

"Weye njo mushenga?" Alicheka mpaka mkanda wa kiti ukamkaba. "Papa, mushenga anapashwa kuwa mutu wa kuchekesha batu. Weye uko na sura ya mutu anakuya kukata umeme."

Nilimjibu kwamba ndoa si jambo la kuchekesha. Akanipigapiga mkono, akasema, "Njo maana batu banacheka, papa," kisha akalala.

Addis Ababa ndege yetu ya pili haikuondoka, na hakuna aliyetuambia sababu. Abiria walinung'unika. Niliwakumbusha wale walio karibu nami kwamba kungoja ni chuo cha nafsi. Baadaye, nafsi yangu ilipokwisha kuhitimu na ndege bado haipo, nilimwendea ofisa mmoja na kumhutubia juu ya utu wa msafiri. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, kisha akanionyesha kwa kidole ubao ulio juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimepanga foleni ya watu waendao Beijing.

Niliporudi, Mama Béa alikuwa ametandika kitenge sakafuni na kufungua mfuko wa magwinya, yale maandazi makubwa ya Johannesburg yasiyo na sukari. Nilikataa kwa heshima. Alinikaribisha tena, nikakataa tena, kama adabu inavyotaka. Hakunikaribisha mara ya tatu. Nikala bila kukaribishwa, na kwa hesabu za macho yake nilikula mengi kuliko yeye.

Reli ya kwenda pwani

Kutoka Madrid nilipanda treni, nikapangiwa kiti katika behewa la kimya, ambamo kuzungumza kumekatazwa. Nilifurahi sana. Nilifikiri: hatimaye, watu waliostaarabika. Mbele yangu walikaa kijana na mwenzake wakinong'onezana. Niliwatazama kwa jicho ninalolitumia wakati wa mitihani mpaka wakaacha. Nilikuwa nimeanza kuiona milima, ya rangi ya mkate uliokauka, simu yangu ilipolia. Mlio wangu ni kwaya. Kwaya nzima, na besi.

Katika kuhangaika kuizima niliiwasha spika.

"Zaka! Umefika? Wamesemaje?"

"Dada, bado niko njiani," nilinong'ona.

"Njiani mpaka lini? Mbona unanong'ona, umeshikwa na polisi? Na usiwafundishe!"

Behewa zima liligeuka. Hawakuelewa hata neno moja, lakini nyuso zao zilionyesha kukubaliana na dada yangu.

Valencia: ninavyosalimia

Themba alinipokea kituoni. Pamoja naye alikuwa mzee mnene kidogo, mwenye suti ya kijivu na masharubu yaliyochanwa, ambaye alinishika mabega na kunibusu mashavu yote mawili kabla sijajua la kufanya. Huyu alikuwa Vicente, baba yake Lucía. Nilitengeneza upya uso wangu wa heshima, tukaanza kutembea kuelekea katikati ya mji.

Njia zilijaa watu wa kila rika, wote wakienda upande mmoja kama waendao uwanjani. Bendi zilipita, moja ikifukuza nyingine. Wazee walikula barabarani wakitembea. Nilikuwa nikijiuliza watu hawa hufanya kazi saa ngapi, na nilikuwa na maoni tayari.

Jambo ambalo Themba alisahau kuniambia ni kwamba mwanzo wa majira ya kuchipua watu wa Valencia huwa na sherehe ambayo, kila siku mchana, hukusanyika uwanjani kulipua baruti. Hakuna ufundi wa rangi wala nyota, maana jua liko juu. Wanalipua ili wasikie mlio tu, na wanaupenda kama sisi tunavyopenda nyimbo.

Mlio wa kwanza ulipasuka nyuma ya jengo lililokuwa mbele yetu. Mtu aliyeishi Troyeville miaka yangu haulizi mlio wa risasi umetoka wapi. Hulala kwanza, maswali baadaye. Ila mimi nilikuwa mshenga, nina dhamana ya watu. Nilimkamata Vicente ukosi wa suti, nikamwangusha nyuma ya benchi la mawe, nikamlalia juu ili nimkinge. Nilimwambia kwa Kiswahili atulie. Milio ikawa mingi, ikawa mvua, ardhi ikatetemeka, nami nikazidi kumkandamiza.

Ilipokwisha, watu walipiga makofi. Niliinua kichwa. Maelfu ya watu walikuwa wamesimama wima wakitabasamu, na mtoto aliyebebwa begani alikuwa akilamba aiskrimu na kunitazama. Chini yangu Vicente alikuwa akitikisika. Nikadhani nimemvunja mbavu. Alikuwa anacheka. Alisema jambo, na Themba, aliyekuwa ameshikilia nguzo kwa kicheko, akanitafsiria:

"Malume, anasema huko kwenu mnasalimiana kwa nguvu sana."

Kuanzia siku ile, kila duka nililoingia katika mtaa wao, mwenye duka alijifunika kichwa kwa mikono, kisha akanipa kiti.

Wali wa Jumapili

Familia yao inaishi karibu na ufuo, mtaa wa zamani wa wavuvi, ambapo nyumba zimevishwa vigae vya rangi upande wa nje kama bafu lililogeuzwa nje ndani. Jumapili nilikaribishwa chakula cha mchana. Hapo ndipo jibu lingetolewa, kwa hiyo nilivaa tai.

Mkuu wa nyumba, nilitambua mara moja, hakuwa Vicente bali mama yake, Bibi Amparo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka mashua hadi nchi kavu. Nilimkabidhi kanga ya dada kwa mikono miwili. Aliinusa, akaishika juani, kisha akaitandaza mezani. Vicente, ambaye alikuwa uani akipika wali kwa kuni za mchungwa na kuwafukuza wote waliotaka kumshauri, akaja na sufuria pana kama gurudumu la baiskeli, nyeusi kwa masizi, akaitua katikati ya kanga.

Themba akanisogelea. "Malume, hapo huwa kuna kitambaa kilichotariziwa cha harusi ya Bibi. Leo amekiondoa kwa ajili ya hii kanga."

Nilisikia alichosema. Akili yangu ilibaki kwenye masizi.

Bibi Amparo alileta mtungi wenye vijiko vya mbao, akavigawa kama karata. Kila kijiko kilikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto kwenye mpini: Vicente alikuwa na samaki, Lucía na mwezi, bibi mwenyewe na jogoo. Themba alipewa chenye kitu kama sanduku. Changu hakikuwa na kitu. Nikaona ni mchezo wa kitoto, nikauachia nafasi katika mambo ambayo ningewashauri baadaye.

Kisha tukala, na hapo nilistaajabu. Hakukuwa na sahani. Kila mtu alikula kutoka sufuria ile ile, kipande kilicho mbele yake, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na Lucía alipomdokolea Themba upande wake alipigwa kofi la mkono na bibi yake. Nilikuwa nimesafiri kutoka kusini mwa Afrika tayari kuwafundisha adabu ya mezani, nikakuta sinia letu la Morogoro, ila limeota masikio mawili.

Kwa kuwa sasa nilijiona niko nyumbani, nilifanya kama nyumbani. Nilichagua paja zuri la kuku lililokuwa upande wangu, nikalisukuma kwa kijiko hadi upande wa Bibi Amparo. Kwetu hiyo ndiyo heshima: kinofu humwendea mkubwa. Bibi alilitazama paja, akanitazama, akasikitika. Akachagua kitu upande wake, akakisukuma kwangu. Alikuwa konokono.

Nilidhani amekosea. Nikamsukumia kipande cha sungura, kinono. Akarudisha konokono wawili. Nikampelekea kidari, na hapo akaita meza nzima ishuhudie, akawakusanya konokono wote wa upande wake na kunimiminia. Kila heshima niliyotuma ilirudi na gamba mgongoni.

"Malume," alisema Themba akifuta machozi, "hapa ukimsukumia mtu kitu maana yake hukipendi. Bibi anasema, masikini, mgeni hali nyama. Amekupa anachokipenda kuliko vyote."

Basi niliwala. Wote. Sitasema zaidi, ila kwamba hotuba yangu ilikuwa na sehemu juu ya kujinyima, na baadaye niliiruka kwa kuwa nilikuwa nimeshaitekeleza.

Chini ya wali palikuwa na ukoko, nao waliukwangua kwa vita ile ile tuliyoijua utotoni. Ulipokwisha nilisimama. Nilisafisha koo. Nilisema kwamba sisi ni watu wa mbali, kwamba tulipita tukaona taa inawaka katika nyumba hii, na kwamba tunaomba ruhusa ya kuota katika mwanga wake pamoja na wenyewe. Niligusa wajibu wa wazazi, hadhi ya binti, na kuporomoka kwa maadili duniani. Themba alisikiliza hadi mwisho, kisha akatafsiri kwa maneno ambayo yangeenea kwenye stempu.

"Umesema yote?"

"Nimesema unaomba, malume."

Vicente alifuta masharubu. "Ana miaka zaidi ya thelathini," alisema. "Mwulizeni mwenyewe."

"Mimi?" alisema Lucía kwa Kiingereza, ili nielewe vizuri. "Mimi ndiye niliyemwuliza Themba. Akaniomba wiki nzima ya kufikiri!"

Meza ililipuka kwa kicheko kuliko ile baruti. Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa akiikagua chupa ya chumvi.

"Kweli?"

"Eish, malume. Nilitaka kumwambia Mama kwanza, nikaogopa."

Nilikaa, nikangoja. Nilijua adabu: wazee hawajibu papo kwa papo, huzungukazunguka kwanza. Wakazunguka. Walizungumza juu ya mpira, juu ya bei ya samaki, juu ya jirani mwenye mbwa. Ikaja kahawa, yakaja machungwa, ikaja kahawa nyingine. Mimi sikuaga, kwa kuwa mshenga haondoki bila neno. Wao hawakuinuka, kwa kuwa kwao mwenyeji hanyanyuki mgeni akiwa amekaa, na kukaa mezani baada ya kula ndiyo sehemu tamu ya chakula. Tulikaa hivyo, kila upande ukiuheshimu mwingine hadi kuuchosha, mpaka jua likaacha ua na Vicente akaanza kusinzia akiwa ameshika kichwa kwa adabu. Hatimaye Bibi Amparo akamwinamia Themba.

"Anauliza," alisema Themba polepole, "kama mjomba wangu ana mahali pa kulala."

Ufuoni: kikombe cha ndago

Juma lile nilitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nilimwuliza Vicente kwenye bandari; akanionyesha meli. Nilimwuliza mama yake Lucía, ambaye ni muuguzi na niliyemwona akipita tu kutoka zamu hadi zamu. Akanipima shinikizo la damu na kutikisa kichwa. Jioni zote dada alipiga simu. "Wamesemaje?" "Bado wanazungumza." "Wao au wewe?"

Njiani nilikasirishwa na michungwa iliyopandwa kando ya barabara, yenye matunda ambayo hakuna aliyeyachuma. Nilimweleza Themba jinsi ubadhirifu unavyoua mataifa, nikachuma moja na kulimenya mbele ya wapita njia kama somo. Lilikuwa danzi, chungwa lile chungu. Mimi, niliyekulia nyumba yenye mdanzi nyuma ya jiko, sikuutambua. Nililimaliza, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Siku moja kabla sijaondoka, Bibi Amparo alikuja kunichukua peke yake, bila mkalimani, kanga ya dada ikiwa imefuliwa na kutupwa begani. Tulikaa ufuoni kwenye kibanda, upepo ukitupiga, akaniagizia kinywaji baridi cheupe kama tui. Kilikuwa kitamu. Niliuliza kwa mikono kimetokana na nini, mwuzaji akanionyesha bakuli la viazi vidogo vilivyokunjamana. Ndago! Shuleni Morogoro tulichimbishwa ndago kama adhabu, gugu lisilokufa, na hapa wanalilima kwa kusudi na kulinywea juani. Nilimweleza bibi haya yote kwa Kiswahili, naye akatingisha kichwa kila nilipotulia, akajibu kwa Kihispania kirefu vile vile. Sijawahi kuzungumza vizuri hivyo na mtu.

Nikaona ndiyo nafasi. Niliweka vidole viwili pamoja, nikagusa moyo, nikamfungulia viganja: mnasemaje? Alinipapasa shavu, akaniagizia kikombe cha pili.

Kisha yeye akauliza. Alishika pindo la kanga, akaelekeza kusini: nani? Nikakanyaga cherehani isiyokuwepo, nikatunga uzi katika sindano, nikaukata kwa meno kama afanyavyo Foibe. Alitazama kwa makini sana. Halafu, bila kuomba, alinivua miwani, akaivaa, akaitazama bahari kwa uso mkali nilioona ninaufahamu, akanirudishia. Nikadhani ni uzee.

Kurudi

Kesho yake kituoni Bibi Amparo alinipa furushi lililofungwa kwa kitambaa cha meza kilichotariziwa. Ndani ya treni nililifungua. Vijiko viwili vipya vya mbao. Mpini mmoja umechomwa alama ya ndoana na mshipi, mwingine alama ya baiskeli. Vitu vya watalii, niliwaza, kama vinavyouzwa kila sokoni. Nilihuzunika. Nilikuwa nimetumwa jibu nikarudi na vijiko.

Uwanja wa ndege wa Madrid walituvua viatu. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa matembezi, na kiatu cha kulia kilikataa kurudi. Kijiko cha baiskeli kiliingia kisiginoni kana kwamba kilichongwa kwa kazi hiyo. Addis Ababa kikanisaidia tena. Nilikitia mfukoni mwa koti nikikisifu: angalau Valencia imenipa kitu kimoja chenye manufaa.

Nilimkuta dada kwenye cherehani. Hakuuliza habari za afya.

"Wamesemaje?"

Nilisafisha koo. Nilimweleza kwamba swali la posa, katika jamii ambazo mamlaka ya wazazi yamemomonyoka, haliwezi kupata jibu la moja kwa moja, kwamba hawakukataa, kwamba haikuweza kusemwa kuwa wamekubali. Alikuwa ameacha kunisikiliza. Alikuwa amefungua furushi na kuchukua kijiko kilichobaki.

"Huko mlikula na vijiko gani?"

"Vya mbao kama hivyo. Kila mtu wa nyumba na chake, chenye alama yake."

"Themba anacho?"

"Anacho. Chenye sanduku."

"La mizigo," alisema dada, polepole. "Na wewe ulipewa chenye nini?"

"Kitupu. Cha wageni."

"Na hiki?"

"Hicho ni cha ukumbusho. Kina ndoana ya samaki."

Alikisogeza kwenye taa ya cherehani. Mama wa watu alikuwa ameanza kulia, nami sikujua kwa nini.

"Zaka," alisema, "hii ni sindano. Na huu ni uzi wake."

Sikuwa na methali.

"Kitambaa kina mikunjo ya vijiko viwili. Cha pili kiko wapi?"

Nilikitoa mfukoni. Kilikuwa cheusi kwa rangi ya viatu hadi nusu. Alikinusa, akanitazama.

"Alama yake nini?"

"Baiskeli."

Alikitazama kijiko, akanitazama usoni, akakitazama tena kijiko. "Vaa miwani yako vizuri," alisema, "halafu uiangalie upya hiyo baiskeli."

Kisha akachukua simu, akaiweka mezani kama siku ile. "Themba, mwambie Bibi Amparo jibu limefika. Limechelewa kidogo kwa sababu lilipitia kwenye kiatu cha mjomba wako. Desemba ninakuja." Tulisikia kijana akikimbia, mlango ukifunguliwa kule, na sauti ya mwanamke mzee ikipiga kelele za furaha kana kwamba iko kwenye mashua.

Jumapili iliyofuata dada alipika pilau, akaipakua kwenye sinia la marehemu mama yetu, ambalo halijashuka kutoka juu ya kabati tangu Themba alipokuwa mtoto. Kijiko changu kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu, kwa ndimu na kwa maneno makali, na bado kila tonge lilikuwa na ladha ya rangi ya viatu. Nilikula kilicho mbele yangu. Dada, aliyekaa upande wa pili na sindano yake mkononi, akanisukumia paja la kuku, nami safari hii sikulirudisha.